Kina cha Kaburi la Mtoto

Asubuhi ile kwenye benchi la Haruni muuza kahawa, pale njia panda ya Buganguzi, utani haukunoga. Mtoto wa Ildefons alikuwa amefariki kwa homa, kaburi halijachimbwa, na wachimbaji wenyewe ndio hao waliokaa wanakunywa kahawa. Ildefons, tajiri wa samaki wa visiwani, hakuwahi kushika jembe kwenye msiba wa mtu. Alituma rambirambi kwa simu, basi. Kijiji kikakata shauri: asiyechimbia wenzake, naye asichimbiwe. Pastory, waliyemwita Sululu kwa kuwa ndiye aliyewaongoza wachimbaji, alikiinamia kikombe chake. Siku alipomzika mama yake, gari la Ildefons lilipita likipiga muziki. Jambo hilo lilikuwa bado linamuuma.

— Mungu huwapinga wenye kiburi, — alisema Rutashobya, waliyembandika jina la Aya kwa kupenda Maandiko. — Tukienda kuchimba, tunashindana na Mungu.

— Si tumeambiwa pia tusihukumu? — Pastory akauliza.

— Nani kahukumu? Hukumu imeshapita yenyewe. Sisi tunakunywa kahawa tu.

Haruni, Mwislamu pekee pale, akacheka bila furaha.

— Aya bwana, juzi kwenye ibada yake ya shukrani ulisema utajiri ule ni baraka. Ukala nyama mpaka ukalegeza mkanda.

— Ilikuwa baraka. Akajivuna, ikageuka.

— Si mnasema anayejivuna ajivunie Bwana? Geti lake limeandikwa “Baraka za Bwana”.

— Kwa rangi ya dhahabu, Haruni! Wana wa Israeli walipaka damu milangoni ili mauti yawapite. Huyu kapaka dhahabu. Malaika angeachaje kusimama asome?

— Mtoto hajaanza hata shule, Aya, — Pastory akasema.

— Uovu wa baba huwafuata wana, mpaka kizazi cha nne.

— Na nabii akasema mwana hatabeba uovu wa baba yake. Wewe mwenyewe ulitusomea, siku tunamzika mwanao, — Pastory akamkumbusha.

Rutashobya akazungusha kikombe.

— Kila msiba una aya yake, waitu, ndugu zangu, — akasema taratibu.

Pastory alitaka kuinuka. Lakini ainuke peke yake, wenzake wakimtazama? Aliona aibu, akaomba kahawa nyingine ambayo hata hakuitaka.

Ndipo Ildefons akatokea, miguu peku, jembe jipya begani, karatasi ya dukani bado imebandikwa kwenye mpini. Hakuna aliyewahi kuona mzazi akimchimbia mwanawe kaburi. Akawasalimu mmoja mmoja.

— Bojo waitu, tafadhalini, sikuja kuwaomba mchimbe. Nimekosa, najua. Nimeanza mwenyewe pale kibanjani, kwenye migomba. Ila sijawahi kuchimba. — Akaweka kiganja usawa wa paja lake. — Mtoto wa kimo hiki, kaburi lake linakwenda chini kiasi gani?

Pastory alijua, alikwishachimba makaburi ya watoto wengi. Akawatazama wenzake, akakiinamia tena kikombe. Haruni akaangalia birika. Rutashobya, mwenye aya ya kila kitu, aliangalia chini.

Ildefons alisubiri kidogo, kiganja kikiwa bado pale kwenye paja. Halafu akasema asanteni, akageuka kurudi kuchimba.