Ukuta wa Upande wa Benchi

Jua la alasiri likigeuka, kivuli pekee kwa Wepukhulu kilikuwa cha ukuta wa jiko, na benchi ya ubao wa mvule iliwekwa hapo hapo, pale njia ya Malakisi inapoiacha ile ya stesheni ya Bungoma. Wepukhulu, waliyemwita Karani kwa kuwa alikuwa karani kweli, alikaa katikati. Kulia alikaa Mukhisa, aliyejiita Injinia tangu awabebee wapima reli fimbo zao. Kushoto alikaa Wabwile, mkulima wa tumbako, jina lake la utani Tumbako. Kahawa ilitoka kwa Edah, mke wa Karani, aliyeileta akikohoa. Jumapili moja mwezi uliopita Karani alimwona kanisani ameshika kitabu cha nyimbo huku akiimba kwa kukumbuka tu, macho yamejaa maji kwa moshi wa jikoni, herufi hazioni. Ilimuuma sana. Moshi ule lazima utoke, alijiapiza.

— Vunja hiyo kuta yote, Injinia akasema. Weka nguzo nne, jiko ikae wazi kama stesheni.

— Na mvua je? Karani akauliza.

— Si mvua inakuja jioni, bana! Mama apike asubuhi.

— Ati kuvunja! Tumbako akacheka. Mimi nakausha tumbako miaka kumi, moshi najua tabia yake. Haitaki kufukuzwa, inataka kuonyeshwa njia. Toboa paa, simamisha chimni. Futi arobaini.

— Arobaini? Hata kanisa haifiki hapo!

— Kanisa inapika nini?

Injinia hakukubali kushindwa.

— Basi ng'oa ile nguzo ya kati, inua paa, weka chumba juu. Moshi ipande ikae huko. Halafu tunatandika reli ndogo kutoka mafigani mpaka hapa, kahawa inakuja kwa toroli.

— Mimi nataka moshi itoke tu, Karani akasema kwa unyonge.

— Itatoka. Na kahawa itatoka.

Hapo ndipo Gurcharan, fundi seremala aliyeitwa na Karani, aliposhuka kwenye baiskeli yake. Alisalimia, akaingia jikoni, akagonga huku na huku, akatoka akijipangusa masizi kwenye ndevu.

— Nguzo ya kati msiguse. Ikitoka, paa inalala chini. Kuta mbili zimebeba paa, ile ya tatu inapigwa na mvua. Iko moja tu ya kufungua.

Akaupiga kofi ukuta waliouegemea.

— Dirisha kubwa hapa. Moshi kwisha.

— Si nilisema! Injinia akashangilia. Sasa kikombe kinapita dirishani moja kwa moja!

Gurcharan alitoa penseli sikioni, akasita.

— Karani, nasikia Sellah yako amepata mchumba. Anakuja lini?

— Jumamosi ijayo, na watu wake.

— Wageni wanakaa wapi?

— Hapa kwa benchi. Kivuli kiko hapa.

— Na mama Sellah anapika huko ndani. Sasa dirisha ikiwa hapa, mkwe ataangalia wapi?

Kwao, mkwe na mama wa mke hawatazamani usoni. Hata njiani hukwepana. Injinia alichungulia kikombe chake kana kwamba jibu liko kwenye machicha.

— Kule Kimilili nilifungua moja namna hii, Gurcharan akaendelea. Mkwe akakutana na mama, macho kwa macho, mwiko mkononi. Nikaitwa kuziba siku ile ile.

— Tuweke pazia, Tumbako akajaribu.

— Halafu moshi ipite wapi?

Karani aliona dirisha la mke wake linamponyoka. Ndipo sauti ya Edah ilipotoka ndani, katikati ya kikohozi.

— Baba Sellah! Ukuta haina miguu. Hiyo benchi imeota mizizi?

Jumamosi tatu nzima walikuwa wamehamisha kuta, nguzo na paa kwa maneno, na hakuna hata mmoja aliyewaza kuhamisha mahali alipokalia. Karani aliona haya, kisha akacheka mpaka akalowa machozi.

— Iende wapi sasa? Injinia akalia.

— Kule kwa banda la kuku, Edah akajibu. Kivuli mtajijengea kwa nyasi.

— Mama, kahawa itafika imepoa!

— Ya leo imekwisha.

Karani alisimama, akashika ncha moja ya ubao.

— Injinia, shika huko.

Waliubeba wakipumzika mara mbili, Tumbako akitoa amri bila kushika kitu. Karani alipogeuka, Gurcharan alikuwa amekwisha kuchora dirisha kwa penseli, pale pale palipong'arishwa na migongo yao, na Edah amesimama mbele yake akimwambia alipanue kidogo.