Mzee Josephati Tluway na Matembe Kumi na Moja ya Karatu

Wapendwa waombolezaji, kwa niaba ya familia tunawasomea maisha ya baba yetu, kwa kadiri tuyajuavyo na kwa kadiri tutakavyoweza kuyasema bila kulia.

Marehemu Josephati Tluway alizaliwa Buger tarehe 14 Machi 1921, akasoma shule ya misheni huko Mbulu kuanzia 1931 hadi 1934, akaishia darasa la nne kwa sababu ng'ombe wa nyumbani hawakuwa na mchungaji. Mwaka 1939 alikwenda Oldeani kuchuma kahawa kwenye shamba la mlowezi, kazi aliyoichukia waziwazi, na mwaka 1947 akaiacha akawa fundi wa matembe, nyumba zetu za miti na udongo zenye paa bapa la udongo, akajenga kumi na moja katika mtaa mmoja hapa Karatu, la kwake likiwa la mwisho. Wenye mabati aliwatania kwamba mvua ikinyesha hawasikii hata sala zao wenyewe.

Alifunga ndoa na mama yetu Antonia tarehe 7 Septemba 1948, wakajaliwa watoto sita, wanne tuko hapa.

Tarehe 12 Juni 1979 mtaa ule ulitangazwa kuwa eneo la kihistoria, na marehemu, akiwa balozi wa nyumba kumi, alitia sahihi kwa niaba ya wote, kwa furaha kubwa, maana aliambiwa nyumba zake hazitabomolewa kamwe. Sharti lilikuwa moja, kwamba mtu asiguse ukuta wala paa bila kibali, na hapo ndipo alipokosea, yeye fundi, kwani tembe lisipoongezwa udongo kila mwaka ni nadra kuvuka masika mawili, na alilijua hilo, ila alidhani kibali ni jambo la wiki moja. Aliandika barua tano za kuomba kibali, hakujibiwa hata moja. Jirani yetu Inosenti alipopanda kuziba paa lake, marehemu alimshusha, akamwambia kwamba balozi akishatia sahihi ametia, na baada ya hapo akaona aibu kupanda la kwake, ingawa Mama alimsihi kila siku.

Tarehe 21 Aprili 1981, saa sita mchana, paa letu lilimwangukia Mama akipepeta maharage, akafariki.

Tangu hapo marehemu hakushika tena kazi ya udongo, akawa anashinda akikitazama kifusi, ambacho nacho kilihitaji kibali kuondolewa. Alianza kuugua kifua Februari 1984, akalazwa mara mbili, akakataa dawa, akafariki tarehe 2 Novemba, saa nne asubuhi. Tulimwambia hana kosa, hakukubali, na tukisema kweli, hata sisi hatukuwa na uhakika.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, mafundi wenzake waliochimba kaburi, na majirani wote, hasa Inosenti, aliyemfukua Mama kifusini kwa mikono yake, na ambaye jana, wingu lilipotanda, alipanda bila kibali juu ya tembe la dada yetu Cresensia, mojawapo ya yale kumi na moja, tulimomlaza marehemu, akaongeza udongo, kwa kuwa sisi watoto hatukuthubutu.

Mungu akulaze pema, Baba, na pawe pakavu.