Marehemu Erisa Okumu na Nyumba Isiyopita Mlangoni

Padre, wazee wetu, majirani wa Malakia hapa Juba, ndugu mliofunga vibanda vyenu sokoni Konyo Konyo asubuhi hii, waheshimiwa wa kamati mlioketi kwenye viti vyenye mikono, na wewe dereva unayetazama saa kwa sababu barabara ya Nimule ni ndefu, familia inaomba mtulie kidogo, kwani marehemu mwenyewe alisubiri miaka saba, nanyi robo saa haitawashinda.

Historia hii imeandikwa na inasomwa na binti yake mkubwa, Flavia, mwenye shahada ya usanifu majengo kama babake, ambaye hadi leo hana kazi, kwa hiyo muda wa kuiandika alikuwa nao.

Erisa Okumu alizaliwa tarehe 14 Machi 1969 katika kijiji cha Lumino, wilaya ya Busia, upande wa Uganda, mtoto wa tatu wa marehemu mzee Wandera na marehemu mama Nabwire. Mzee Wandera alikuwa fundi seremala, tena fundi wa milango, na watu wa Lumino wanasema hadi leo kwamba mlango wa Wandera haukwami, jambo ambalo tunaomba mliweke akilini, tutalihitaji huko mbele.

Alisoma shule ya msingi palepale Lumino kuanzia 1976 hadi 1982, akaendelea na sekondari mjini Tororo kuanzia 1983 hadi 1988, akajiunga na chuo kikuu Kampala mwaka 1989, na mwaka 1994 akapata shahada yake ya usanifu, enzi hizo ambazo mtu alikuwa akipata shahada na bado anapata kazi.

Alifanya kazi Kampala miaka kumi na tatu katika ofisi ya uchoraji, akichora vituo vya mafuta na madarasa, vitu ambavyo mwenye mali anavijua hata kabla hujashika kalamu. Tarehe 12 Desemba 1998 alifunga ndoa takatifu na Teopista Nansubuga, ambaye mnamwona hapa amekaa kimya, msidhani ni mpole, amenyamaza tu, na Mungu akawajalia mabinti wawili, Flavia aliyezaliwa tarehe 3 Aprili 2000, na Mirembe aliyezaliwa tarehe 27 Julai 2004, anayesomea uuguzi.

Juni 2007 alifika Juba juu ya lori la saruji, akapanga chumba hiki mnachokiona kwa mzee Gaetano, akachora shule mbili na zahanati moja ambazo zimesimama hadi leo, mapaa hayavuji, na hakuna aliyewahi kuuliza zilichorwa na nani. Julai 2016, risasi zilipolia, aliondoka na begi moja na karatasi zilizoviringishwa, na Januari 2017 akarudi na begi lilelile na karatasi zilezile, mama Flavia akimwambia, "Taata Flavia, mji huo utakumeza," naye akimjibu kwamba mji haumezi mtu, mtu ndiye huingia mwenyewe.

Tarehe 6 Februari 2018 aliitwa na kamati ya watu tisa iliyokuwa na kiwanja kando ya Nile na wazo zuri, kujenga Nyumba ya Sanaa ya Umma, yenye ukumbi wa ngoma na maigizo, vyumba vya wachoraji, maktaba na baraza la kukaa watu. Marehemu hakuanza na kalamu. Alikwenda kiwanjani wiki tatu mfululizo, akakaa kwenye benchi ya Adit anayeuza chai kule, akatazama jua linapopita, upepo unakotoka, akatia alama kwenye shina la mwarobaini kila mahali Adit alipomwonyesha kwamba mafuriko yalifika, ili ajue ainue sakafu kiasi gani juu ya nguzo. Siku ya mwisho alimwuliza Adit angependa jengo la namna gani, Adit akamjibu huku anasuuza glasi, "Ustaz, watu hawaji hapa kuona nyumba. Wanakuja kuona moya."

Moya ni maji, kwa wageni wetu mliotoka mbali. Na hapo ndipo marehemu alipopata wazo lake, kwamba nyumba isiwe ukuta mwingine mbele ya mto, kwani kuta zipo za kutosha, mto Nile uko karibu na Malakia kuliko soko, lakini mtoto wa Malakia akitaka kukaa kando yake lazima kwanza awe na hela ya soda ya hotelini. Akachora nyumba yenye uwazi mpana katikati, unaoanzia barabarani na kuishia mtoni, usio na mlango wala tiketi, mtu asimame barabarani na mzigo wake wa mihogo kichwani aone maji yakipita. Huo uwazi ndio uliokuwa jengo lenyewe, hayo mengine yote, alikuwa akisema, ni kuta za kuushikilia.

Septemba 2018 alitengeneza modeli ya kwanza ya kadi ngumu, ya vipande vitatu, ikapita mlangoni bila shida, ikafika kikaoni kwa boda boda mbili. Kipande cha katikati kilikuwa ndio uwazi, na mjumbe mmoja, hayupo hapa leo, alikichomoa kwa vidole viwili, akavisogeza vile viwili vya pembeni vikabusiana, akasema, "Ona sasa, tumepata nafasi ya ukumbi wa wageni wa heshima," na wajumbe wakagonga meza kwa furaha.

Marehemu alirudi nyumbani kwa miguu. Siku hiyo aliapa kwamba modeli inayofuata itakuwa ya ubao mmoja, bila kiungo, gundi tupu, ili asitokee tena mtu wa kuchomoa kitu. Akamwita Bona, seremala jirani yetu, wakaunganisha plaiwudi humo humo chumbani, wakaiinua juu ya miguu ya mbao, na kila kamati ilipotaka kitu kingine, mara ukumbi mkubwa zaidi, mara maegesho, mara geti la pili, mara mnara ambao hakuna aliyejua ni wa nini, marehemu alikiongeza pembeni na kuuacha uwazi palepale. Ilikua kama mtoto anayelishwa na kila jirani. Ilipofika mita tatu na nusu kwa mbili na robo, kitanda kikatolewa nje, na marehemu akaanza kulala kwenye godoro chini yake, juu yake mbao, pembeni yake miguu ya meza kumi na miwili, kama mtu aliyefungiwa chini ya jukwaa la maigizo ambayo hayaanzi.

Kamati ilikubali kuja kuitazama. Ilipanga kuja tarehe 11 Machi 2019, ikapanga tarehe 2 Agosti 2019, ikapanga Aprili 2020 na dunia yote ikafungwa, ikapanga tena na tena, mara kumi na moja kwa hesabu ya daftari lake, na kila mara neno lililokuja kwa simu lilikuwa moja, bukra, yaani kesho, kesho ya Juba, ile isiyo na tarehe. Mama yake mzazi, mama Nabwire, alifariki tarehe 19 Mei 2021 na kuzikwa Lumino tarehe 22, na kwa sababu kamati ilisema inakuja tarehe 21, marehemu hakwenda kumzika mama yake, alifagia uwanja huu mara mbili, akavaa shati jeupe, akakaa langoni hadi jua likatua. Hili familia haijawahi kulizungumza, na leo linazungumzwa mara moja tu.

Oktoba 2022 binti yake Flavia alikuja Juba, baada ya miezi tisa ya kubeba vyeti kwenye ofisi za Kampala na kuambiwa aache namba ya simu, akaja kumsaidia babake, kwa maneno mengine akaja kula ugali wake. Siku ya kwanza alisimama mlangoni, akatazama modeli, akatazama mlango, akachukua futi ya kupimia. Mlango, sentimita themanini kwa mita moja na tisini. Akasema, "Taata, hii inatokaje?" Marehemu alimnyang'anya futi, akapima mwenyewe, akapima tena, mtu aliyejua mafuriko ya miaka sita kwa sentimita, akakaa juu ya kopo la rangi na kusema polepole, "Mlango haukuwa kwenye ramani." Kisha akasema, "Mtoto wa Wandera," akacheka mpaka akakohoa, na alipomaliza kukohoa hakuwa anacheka tena.

Bona alishauri msumeno. Lakini popote ambapo msumeno ungepita, ungepita kwenye uwazi, na marehemu akasema hatakata kwa mkono wake kile alichokataa kikatwe na wengine. Mzee Gaetano, mwenye nyumba, alipoulizwa habari ya ukuta, alijibu, "Hii ukuta yangu, hakuna mtu anagusa, hata musumari." Kwa hiyo modeli haikuweza kutoka, na kwa kuwa haikuweza kutoka, naye hakutoka Juba, akasema basi, watakuja wao.

Januari 2024 kamati ilipata mwenyekiti mpya, mheshimiwa Mayen, aliyeko mbele yetu, na tutasema haki yake, ndiye pekee aliyempa kiti akakaa. Alimwambia, "Ustaz Okumu, uwazi si chumba. Utaandika nini kwenye kibao cha mlangoni?" Marehemu akajibu, "Hakutakuwa na mlango, mheshimiwa." Mwenyekiti akacheka, akasema kwamba kwenye karatasi anaona hewa tu, lakini akiiona modeli kwa macho yake ataamua, na asipoiona watauziba uwazi. Tangu siku hiyo marehemu hakuwa na shida nyingine duniani, alitaka mtu huyu mmoja asimame upande wa barabara wa modeli, ainame, atazame mpaka upande wa pili.

Juni 2024 alianza kuugua shinikizo la damu na figo. Daktari alimwambia aende Kampala, akasema wiki ijayo. Mwenzake wa zamani alimpigia simu kumwambia kuna kazi Kampala, ya kuchora vituo vya mafuta, akasema wiki ijayo. Julai mwaka huu mama Flavia alikuja mwenyewe, akakata tiketi mbili za basi za tarehe 1 Septemba, akafunga begi, na tarehe 31 Agosti simu ikalia kwamba kamati inakuja tarehe 4. Marehemu akafungua begi, akatoa shati jeupe. Mama Flavia alimwuliza swali moja tu, "Taata Flavia, wewe ulimwoa nani?" Tarehe 4 hakuja mtu. Tarehe 6 alianguka akiwa chini ya modeli, tukamvuta nje pamoja na godoro, akapelekwa hospitali, na Jumanne tarehe 9 Septemba 2025, saa nne asubuhi, akaaga dunia akiwa na umri wa miaka hamsini na sita.

Sasa ikaja habari ya jeneza. Mwili ulikuwa ulale nyumbani kwake usiku mmoja kabla ya safari, na nyumba yake ni chumba hiki, na chumba hiki kilikuwa kimejaa. Jumatano Bona alileta msumeno. Mama Flavia alisema, "Kateni. Hiyo mke mwenza nimeivumilia miaka saba." Flavia alipewa msumeno, akauweka juu ya ubao, pale pale kwenye uwazi, na ni kweli aliukata ubao nusu kidole, alama mtaiona, kisha akamrudishia Bona msumeno. Hapo mzee Gaetano akaingia na nyundo kubwa, hakumsalimu mtu, akazunguka nyuma na kuanza kubomoa ukuta wake mwenyewe, tofali kwa tofali, mzee wa miaka sabini na mbili, na Bona alipojaribu kumzuia akasema, "Ukuta ni yangu. Hii ya ustaz si yangu." Alibomoa mpaka mchana, na modeli ikatoka nzima, watu kumi na wanne wameibeba, kwa mara ya kwanza ikaona jua.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania siku zile tatu. Tunamshukuru Adit, ambaye chai yake mmeinywa tangu Jumanne. Tunamshukuru Bona kwa jeneza, ambaye safari hii alipima mlango kwanza. Tunamshukuru mzee Gaetano, ambaye tangu Jumatano anaishi na nyumba yenye shimo na hajasema neno. Tunawashukuru waliofanya kazi naye Kampala na Juba, na tunaishukuru kamati kwa viti hivi hamsini, ambavyo ni kitu cha kwanza ilicholeta hapa, na vilifika kwa saa iliyosemwa.

Marehemu ameacha mjane, mabinti wawili, na ramani kumi na moja, na atazikwa kesho Jumamosi huko Lumino, kando ya mama yake.

Kuhusu kumuaga. Uwanja ni mdogo, mmeona modeli imewekwa hapo katikati, na nyuma yake, upande wa mto, hapakubaki nafasi ila ya jeneza. Familia inaomba msizunguke. Mtapita mmoja mmoja upande huu wa barabara, mtainama, mtatazama kupitia kwenye uwazi, nanyi mtamwona upande wa pili. Hakuna tiketi. Wa kwanza tunaomba awe mheshimiwa Mayen, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa kwenye ratiba.

Taata, wamekuja. Pumzika sasa, kwa amani.