Mwamba Alioufuta kwa Mkono Wake: Maisha ya Tharsisi Ndihokubwayo, 1932–1978

Ndugu zangu, majirani wa Kumsenga, na ninyi mliopanda kutoka ziwani tangu jana, mimi ni Venanti, mdogo wake marehemu, na ukoo umenituma niwasomee maisha yake, kazi niliyoikubali kwa sharti moja tu, kwamba niyasome yote, kwa sababu nimehudhuria misiba mingi ambako marehemu anageuzwa malaika kabla jeneza halijapigwa misumari, na kaka yangu mwenyewe alinikataza nisimfanyie hivyo.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1932 huko Buhigwe, wilayani Kasulu, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Hatungimana na mama Esteri, ambao wote wametangulia, akaanza shule ya misheni mwaka 1941 na kuiacha akiwa darasa la sita mwaka 1947, si kwa uzito wa kichwa, maana hesabu alizijua kuliko mwalimu, bali kwa sababu baba aliugua na ng'ombe wakakosa wa kuwachunga.

Mwaka 1951 aliajiriwa na wapima barabara ya kutoka Kasulu kwenda Kibondo, akiwa mshika mnyororo wa kupimia, na kwa miaka kumi na miwili aliitembea hii milima yetu kwa miguu akiipima, hadi mwaka 1963 alipopandishwa cheo kuwa mpimaji msaidizi. Tarehe 6 Agosti 1955 alifunga ndoa na shemeji yangu Immakulata Niyonsaba, binti wa hapahapa Kumsenga, wakajaliwa watoto sita, watano wako hai na wamekaa pale mbele, mkubwa wao akiwa Felisiani.

Mwezi Mei 1972 alihamishiwa kikosi cha kupima sakafu ya ziwa, yeye mtu wa milimani asiyejua kuogelea, tukamcheka nyumbani hadi akakasirika. Walikuwa na mashua yenye mashine inayopeleka sauti chini, sauti ikigonga sakafu inarudi, na sindano inachora kina kwenye karatasi inayojiviringisha, lakini Tharsisi hakuiamini mashine peke yake, alitembea na bildi lake, kipande cha risasi kilichofungwa kwenye kamba yenye alama za mita, ambacho alikipaka mafuta ya ng'ombe chini ili kikigusa mchanga kirudi na mchanga, kikigusa tope kirudi na tope, na kikirudi kitupu, mafuta yamebonyea, ajue amegonga jiwe.

Sasa nawaomba mnisikilize vizuri. Mwezi Machi 1974 shemeji alishikwa na uchungu wa mimba iliyoharibika, na mkuu wa kikosi, ambaye jina lake sitalitaja kwa sababu anajijua, alitoa gari la kazi, akaliendesha mwenyewe kutoka Buhigwe hadi hospitalini Kasulu, shemeji akapona. Wote tuliozaliwa huku tunaijua ingobyi, ile machela ya miti na mikeka tunayombebea mgonjwa mabegani, na tunajua kwamba aliyebeba mgonjwa wako humwambii hapana, akija kuomba jembe unampa, akija kuomba mbuzi unampa. Kaka aliliita lile gari ingobyi, na hapo ndipo alipokosea, kwa sababu mkuu yule hakuwa mtu wa huku, wala hakujua kwamba kaka amejifunga kwake kwa deni la namna hiyo, alijua tu kwamba Tharsisi amekuwa mpole.

Tarehe 17 Julai 1974 walikuwa wakipima njia ya kuingilia gati ya Nyarusenyi, mahali ambapo mto unamwaga tope na huoni hata mkono wako majini, sindano ikaruka juu ghafla. Mkuu akasema ni kundi la dagaa tu, mzee, na dagaa hawaandikwi kwenye ramani. Tharsisi akashusha bildi mara tatu, mara tatu likarudi tupu, mafuta yamebonyea, akaandika kwenye daftari kwa penseli, mwamba, mita moja na robo. Kurudia mistari ya upimaji ya eneo lile ili kuuthibitisha kungewala siku nne, na ramani ilikuwa imeshaahidiwa kwa wakubwa, kwa hiyo mkuu akamwambia afute. Kaka yangu akafuta, akaandika mita sita, akatia sahihi yake chini. Hakulazimishwa kwa bunduki. Alifuta kwa sababu ya gari.

Ramani ilichapwa mwaka 1975, na tarehe 2 Oktoba 1976 mashua ya abiria waliokuwa wakienda sokoni iligonga mwamba ule, wakafa watu kumi na mmoja. Tume ilipokuja ilifungua daftari, ikakuta sahihi moja, ya Tharsisi, naye hakufungua mdomo kumtaja mkuu, akafukuzwa kazi Januari 1977, wakati mkuu akipandishwa cheo mwaka uleule, na shada lake la maua mnaliona pale mlangoni, limefika asubuhi na dereva. Mimi ningelitupa, shemeji amekataa, anasema yule mtu alimwokoa kweli, na hilo nalo ni kweli, ndiyo maana linaniuma.

Alihamia hapa Kumsenga kulima maharage na mihogo, akaanza kuugua ini mwezi Aprili mwaka huu, akalazwa hospitali ya Kibondo tarehe 11 Juni, na huko ndiko alikonieleza haya yote kwa mara ya kwanza, akaaga dunia tarehe 21 Agosti 1978, saa tatu asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Kibondo, hawakumchoka, tunawashukuru majirani mliochimba kaburi kwenye udongo mgumu namna hii, na ninyi wachache mliomsema vibaya kisha mkaja na kuni, nanyi pia. Wa kazini amekuja mmoja, Gharibu Abdalah, aliyeshika usukani wa mashua ya kupimia siku ile mwamba ulipofutwa, na amenithibitishia kila neno.

Ofisi tumeiandikia mara mbili mwezi Julai, haijajibu, na ramani haijabadilishwa, mashua zinapita pale hata leo. Kwa hiyo ninyi watu wa ziwani, mwenye kalamu aandike, asiye nayo akariri, hili ndilo aliloniagiza niwasomee: ukisimama kwenye nguzo ya mwisho ya gati ya Nyarusenyi, ukaelekea kusini-magharibi, mita mia tatu na arobaini, kuna mwamba, mita moja na robo chini ya maji.

Kaka, nimelirudisha ulilolifuta. Lala kwa amani, kama wale kumi na mmoja watakuruhusu.