Chumba cha Bi Uzi

Fumbeni macho, wanangu, mkione chumba cha mbele kabla hatujakijaza magunia na baiskeli mbovu: wanawake wamebanana kwenye mabenchi, kila mmoja ana kitambaa cha kufuma mapajani, na mlangoni amesimama mkunga mfupi, mnene, anacheka kicheko cha kusikika mpaka barabarani. Huyo ndiye Bi Uzi. Nisikilizeni polepole, maana pumzi inanikatikia njiani.

Zahanati ilimfukuza kwa kumpa dawa ya kupanga uzazi mama mmoja aliyechoka kuzaa. Mganga mkuu alimwuliza mbele ya watu, "Mumewe amekubali?" Akajibu, "Sijamwuliza mumewe, daktari. Nimemwuliza mwenye tumbo." Akavua koti jeupe, akalikunja vizuri, akaja kwangu, kwa sababu ndiye aliyenizalisha ninyi watatu wakubwa mfululizo, na mara ya tatu alinishika mkono mpaka damu ilipokatika. Aliomba chumba. Baba yenu alinuna wiki nzima, kisha akampigilia rafu za dawa kwa mikono yake mwenyewe.

Humo ndani alifundisha kupanga uzazi na kutoa dawa, ila kwa majirani lilikuwa darasa la kufuma, ndiyo maana tukamwita Bi Uzi. Shangazi yenu alikuja na kitambaa kilekile mwaka mzima, mpaka mumewe akauliza, "Hicho ni cha meza au cha uwanja wa mpira?" Akamjibu, "Cha meza, baba watoto, ila nafumua nikikosea." Siri ilipofichuka tulirushiwa mawe madirishani; Bi Uzi akafagia vioo, akaendelea na somo. Nimefundisha watoto maisha yangu yote, lakini mwalimu kama yule sijamwona: hakumharakisha mtu, wala hakumcheka aliyeuliza jambo la aibu. Aliyetaka watoto wengi alimfundisha kujitunza, na aliyetaka kupumzika alimsaidia apumzike.

Wewe kitindamimba wangu, najua umeshaongea na yule muuza simu ili umpangishe chumba hicho cha mbele. Usiiname, baba, sikugombezi. Ulizaliwa dada yako anayekutangulia akiwa tayari anasoma, mimi nikiwa na nguvu zangu, na nilikutaka. Nafasi ile ya kukungoja niliipata ndani ya chumba hicho.

Kwa hiyo nyumba gawaneni, shamba gawaneni, cherehani mpeni mkwe wangu. Lakini chumba cha mbele ni cha wale wauguzi wawili aliowafundisha Bi Uzi. Toeni magunia. Pakeni chokaa. Rafu za baba yenu msiziguse.

Niinue kidogo... hapo, asante. Maji... yatosha.

Mungu awalinde, wanangu, awape usingizi mzuri, na kila mtoto wa nyumba hii aje akiwa ametakiwa, kama... kama wewe.

Nikumbukieni moja tu, tafadhali. Mwanamke akifika pale mlangoni, kabla hamjamwuliza ni mke wa nani... mwulizeni yeye anataka nini.