Risala ya Ukoo wa Jeremic kwa Daktari wa Matumbo Yetu

Mgeni rasmi, Daktari Zorka Beljin, padri wetu, na majirani mliojibana mezani:

KARIBU
Sisi wa ukoo wa Jeremic tumefurahi mpaka jirani kauliza nani anaolewa. Leo ni sikukuu ya Mtakatifu Luka, mlinzi wa nyumba hii. Naye alikuwa tabibu, kwa hiyo keti kwa raha, uko kwenu.

TULIKOTOKA
Miaka mingi tulizika watu kabla hawajaota mvi. Saratani ya utumbo ilimchukua babu, ikafuata wanawe, ikamchukua binti yetu Ljubinka akiwa na miaka arobaini na mmoja. Tulilaumu kisima, tukakifukia. Tulilaumu nyama ya moshi, tukawa tunaila kwa kujificha. Wewe ndiwe uliyetuambia ni kosa dogo katika chembe za urithi. Mzazi akiwa nalo, kila mtoto ni nusu kwa nusu, huenda akalirithi, huenda akaponyoka. Si laana, wala si dhambi ya mtu.

MAFANIKIO
Kumi na mmoja tumetoa damu ipimwe. Watano tunalo kosa hilo. Kila mwaka unatuingiza kamera, unakata vinyama vilivyoota utumboni kabla havijawa ugonjwa, na huu mwaka wa sita hatujachimba kaburi kwa maradhi haya.

CHANGAMOTO
Mwaka jana mwenzetu Radenko alikunywa dawa ya kusafisha tumbo, asile kitu hadi kamera ya kesho yake, kisha akapita hapa siku ya sikukuu. Kwetu anayeingia hakatai kijiko cha ngano ya kuchemsha, ngano ya Mtakatifu. Yeye alikula vitatu. Kesho yake ukamuuliza, "Baba Radenko, huku ndani nani kapanda ngano?" Akajibu, "Daktari, kumkataa Mtakatifu siwezi." Ukamrudisha nyumbani. Mkewe hakumsemesha hadi Jumapili.

MAOMBI
Kwanza, tarehe zetu za kamera zisisogelee sikukuu.

Pili ni Tiosav, mtoto wa marehemu Ljubinka. Ana miaka ishirini na sita, na ndiye pekee aliyebaki kutoa damu. Tumemsihi, tumemtania, tumemnunia. Si mbishi, anaogopa tu. Sasa hivi yuko nje anageuza nyama, ndiyo maana tunasoma upesi. Asubuhi aliingia jikoni kwa bibi yake.

"Bibi, daktari anakuja na sindano?"

"Huyo hata kanisani huenda nayo."

"Basi nitafutie shati la mikono mipana."

Tunakuomba usimuulize neno. Tumekuweka kando yake. Atakunja mkono wa shati mwenyewe.

Mungu akulindie macho yako na vidole vyako vyepesi, akupe wajukuu wakorofi kama wetu.

Ni sisi, ukoo wa Jeremic,
kwa mkono wa bibi yao, Stamena.