Kaburi Moja Zaidi Katika Nyasi za Salem

Mgeni rasmi, Bwana Norbert Hagedorn, Mwenyekiti wa Tume ya Bustani na Hifadhi za Kaunti ya Osterlund, makamishna mlioandamana naye, mchungaji wetu, na majirani.

Tunamshukuru Mungu aliyewafikisha salama, na barabara yetu bado ina matope ya theluji. Sisi akina mama wa Kanisa la Salem tunawakaribisha. Kahawa iko tayari ukumbini na viazi vya jibini viko ndani ya tanuri, kwa hiyo hatutawachosha.

TULIKOTOKA

Wazee wetu walipofika Illinois walilima kila mahali plau ilipoweza kupita. Makaburini hawakulima, kwa heshima ya wafu. Ndiyo maana leo pande zote ni mahindi na soya, ila kilima hiki kimoja bado kina nyasi za kale zinazompita mtu kimo. Waliozilinda ni wafu wetu. Kanisa lilipopungukiwa na watu tuliikabidhi Tume kilima, nayo ikatuahidi kwamba mwenye mwenza wake pale atalazwa kando yake.

TULIYOFANYA PAMOJA

Juu ya utunzaji hatuna lalamiko. Kila masika, theluji ikishayeyuka na nyasi zingali kavu, mnapozichoma, sisi husimama upande wa kanisa na ndoo za maji, moto usije ukaturukia. Mwanzoni tulilia kuona makaburi ya wazazi wetu yakiwaka. Sasa tunajua kwamba moto usipopita, vichaka huingia na maua hufa. Vuli ikifika tunakusanya mbegu kwa mikono, nanyi mmezipanda katika hifadhi nyingine za kaunti.

KILICHOTUKWAMISHA

Mwenzetu Verlene Aukes alimzika mumewe, Gerhard, pale kilimani. Baada ya mazishi aliona kaburi limekaa kama shamba lisilo na mwenyewe. Akanunua mkeka wa majani mabichi ya bustani, yenye mizizi yake, akautandika juu yake, akawa anaumwagilia maji na kuukata kwa mashine mpaka pakawa laini kama zulia. Alifanya kwa mapenzi, kama mke yeyote wa huku afanyavyo mbele ya nyumba yake. Lakini majani yale hayakukaa kaburini. Yalitambaa chini kwa chini, yakaanza kuzisonga nyasi za kale.

Mtunza hifadhi wenu, Curtis Dahl, alimkuta na mashine yake.

"Mama Verlene, hapa si uani kwako!"

"Wala si kwako, Curtis. Gerhard alikuwa mtu wa kunyoa ndevu kila siku. Unataka alale na manywele haya?"

"Alikuwa pia mtu wa kukimbia kazi ya kukata majani. Mwache apumzike, mama."

Verlene akacheka, kisha akalia. Wakapiga magoti wote wawili, wakaanza kuyang'oa.

Baada ya hapo Tume ilitoa kanuni: asichimbe mtu tena udongo usiowahi kuguswa na plau, maana ukifunuliwa tu, majani ya kigeni hupata njia. Kanuni hatuilaumu, tuliona wenyewe majani yale yalivyofanya. Ila wajane wengine wote walikuwa wamekwisha kulazwa kando ya waume zao. Aliyefungiwa mlango ni Verlene peke yake.

Tangu siku ile amekuwa akiyaondoa majani yale kwa kisu cha jikoni, masika mpaka vuli. Mwaka jana Curtis alikagua asione hata shina moja. Sasa magoti ya Verlene hayakunjiki, na daktari amemwambia asipange mambo ya mbali.

TUNACHOOMBA

Tunaomba kaburi moja. Tutachimba sisi na wana wetu, kwa koleo, bila mashine. Udongo wa juu tutaukata vipande pamoja na nyasi zake, tuvilaze juu ya magunia yaliyoloweshwa, kisha tuvirudishe kila kimoja mahali pake. Hakutakuwa na sanduku la zege la kuhifadhia jeneza, wala ua la dukani. Mkiona haiwezekani, mtazame langoni kibao chenu cha "Usichimbe". Nacho kilichimbiwa shimo, na Curtis alizirudisha nyasi kwa njia hii hii. Zimeota mpaka zinaficha maandishi.

Tulipomsomea Verlene risala hii, alitwambia tuondoe maneno ya kumwonea huruma. Tumeyaondoa. Akasema, "Wakikataa, msigombane na watu wa watu. Nizikeni mjini. Lakini moto wa masika msiuache, Gerhard yuko pale." Tukamuuliza kama anaogopa kulala mbali naye.

"Mimi siogopi," akasema. "Asiyezoea kulala peke yake ni yeye."

Mgeni rasmi, Verlene ameketi mstari wa mbele, ndiye mwenye kofia ya kijani. Jibu tunaomba apewe yeye.

Mungu aliyeumba nyasi kabla ya kutuumba sisi awape hekima, awalinde njiani, na awarudishe kwenu kwa amani.

Ni sisi,
Akina Mama wa Kanisa la Salem,
Kaunti ya Osterlund